Nina OptiPlex 9020 ya mtumba na laki nne mkononi: nianze na kipi ili icheze gemu?

#1 mtoto_wa_tandika (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela mfukoni.

Nina Dell OptiPlex 9020, zile za ofisini zinazoshuka na makontena kutoka Ulaya. Ndani kuna prosesa ya i5-4590, RAM 4GB, hadidiski ya 500GB na Windows 10. Kadi ya grafiksi hakuna, inatumia ile ya Intel iliyomo kwenye prosesa. Monita ni ya inchi 19, inaingia kwa kebo ya VGA.

Nataka GTA V itembee bila kukatakata, nicheze Counter-Strike 2 na wadogo zangu, na ikiwezekana EA FC 25. Bajeti ni laki nne na haitaongezeka mwaka huu. Kariakoo duka la kwanza wameniambia niweke i7, eti i5 ndiyo inayonibana. Duka la pili wamenitolea GT 730 ya 4GB, mpya kwenye boksi. Jamaa yangu anasema niuze kila kitu niongezee ninunue PS4. Hiyo sitaki, maana mashine hii ndiyo ninayosomea.

Nianze na kipi?

#2 wati_mia

Mkuu, kabla ya yote: kasha lako ni lile kubwa la kusimama (MT) au lile jembamba (SFF)? Fungua ubavu, soma lebo ya pawa saplai utuambie ni wati ngapi. Halafu RAM ipo kwenye kipande kimoja au viwili? Usinunue chochote kabla ya hapo, hata kama muuzaji anakwambia bei ni ya leo tu.

#3 fundi_soketi

Swali la #2 ndilo zito kuliko yote, na madukani ni nadra kuulizwa. Mimi kazi yangu ni hizi mashine za ofisini, kwa hiyo nieleze kwa urefu kidogo.

9020 ya MT inakuja na pawa saplai ya wati 290. Ile ya SFF ina 255. Zote mbili hazina kebo ya pini 6 wala ya pini 8 ya kulisha kadi ya grafiksi. Kwa hiyo kadi utakayoweka itakula umeme wa slotu peke yake, na slotu ya PCIe x16, ile ndefu ya kuchomekea kadi, kwa kanuni inatoa wati 75, basi. Sehemu kubwa ya kadi unazoona zikisifiwa mtandaoni hazikuhusu, hata ukipewa bure.

Wengine watakwambia badilisha pawa saplai. Pole pole. Mazabodi ya 9020 haipokei kile kiunganishi cha kawaida cha pini 24, Dell waliweka cha kwao cha pini 8. OptiPlex 7010 iliyoitangulia bado ina pini 24, ndiyo maana mtu akisoma ushauri wa 7010 akaupeleka kwenye 9020 anajikuta ana pawa saplai mpya isiyochomeka popote.

Kama ni SFF kuna kizuizi cha pili: kadi lazima iwe ya nusu kimo, na upime unene pia, kwa sababu nyingi zina feni inayokula nafasi ya slotu ya jirani.

Ndani ya wati 75, kadi zinazofaa kuzungumziwa ni hizi. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60, ilikuwa mkombozi wa mashine hizi wakati wake, leo GB 2 zake zinabana. GTX 1050 Ti ya 2016 ina GB 4 na wati 75. GTX 1650 ya 2019 ni wati 75 vilevile lakini ina nguvu zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Hapo chunguza, wapo watengenezaji walioiongezea pini 6, hiyo iache. RTX 3050 ya 6GB iliyotoka 2024 ni wati 70 na haihitaji kebo. Usiichanganye na RTX 3050 ya 8GB, ile inakula 130.

GT 730 kaa nayo mbali. Neno "4GB" pale kwenye boksi linauza sana, lakini kumbukumbu nyingi namna hiyo kwenye kadi dhaifu haina kazi. Matoleo mengi ya GT 730 yanatumia DDR3 kwenye njia ya biti 64, yanasukuma kama GB 14 kwa sekunde. 1050 Ti inasukuma GB 112. Tofauti hiyo huwezi kuiziba kwa kuongeza ukubwa wa kumbukumbu. Na NVIDIA, watengenezaji wake, waliacha kuitengenezea draiva (programu ya kuiendesha kadi) mpya za gemu familia hiyo tangu 2021. Ukitoka Intel HD 4600 uliyonayo ukaenda GT 730 ya DDR3, utajiuliza hela imekwenda wapi.

#4 mtoto_wa_tandika

Asanteni sana wakuu. Nimefungua. Ni MT, pawa saplai imeandikwa 290W. RAM ni kipande kimoja cha 4GB, slotu ziko nne, tatu tupu. Picha nitaweka simu ikipata chaji.

#5 dada_wa_mwanza

Hapo sasa tunaongea. Kaka, kipande kimoja cha RAM ndicho kinachokuumiza leo hii, hata kabla ya kadi.

DDR3 ya 1600 kwenye kipande kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Ukiweka vipande viwili vinavyofanana kwenye jozi sahihi, prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, inakuwa 25.6. Kwa mtu anayetumia grafiksi za ndani ya prosesa hili ni jambo kubwa, maana hizo grafiksi hazina kumbukumbu yake, zinakula kwenye sahani moja na Windows. Kadi ikishaingia faida ya njia mbili inapungua, ila ukubwa unabaki kukuhitaji: GTA V imependekezewa 8GB, Counter-Strike 2 imeandikwa 8GB kuwa ndiyo ya chini kabisa. Kwa 4GB Windows yenyewe inakwenda kuomba hifadhi kwenye hadidiski, na hapo ndipo unapoona picha inaganda sekunde nzima halafu inaruka.

Chukua vipande viwili vya 8GB. Kama hela haifiki, viwili vya 4GB. Angalia rangi za vishikio vya slotu, zinakuonyesha ipi na ipi ni jozi.

Tahadhari moja. Kuna RAM za seva zinauzwa rahisi sana. Soma lebo: ikimalizikia na herufi R, mfano PC3-12800R, ni ya seva na mashine yako haitaiwasha. Unayotaka inamalizikia na U, iwe PC3-12800U au PC3L-12800U. Nenda na kipande chako cha sasa mkononi uvilinganishe pale pale dukani.

#6 mzee_wa_ping

Kwa laki nne mimi ningechukua RX 580 ya 8GB. Zimejaa sokoni, zilitoka kwenye mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni, bei yake inakaribiana na 1650 na nguvu inaizidi. Mbona mnamfungia kijana kwenye wati 75? Adapta ya kutoa pini 24 kwenda pini 8 ya Dell ipo, pawa saplai ya kawaida inaingia vizuri tu kwenye kasha la MT.

#7 fundi_soketi

Mkuu #6, hoja yako ina ukweli na sitaipinga yote. Adapta hiyo ipo, na kwenye MT umbo la pawa saplai ni la kawaida, linaingia. Nimewafungia watu kadhaa na mashine zinatembea.

Tatizo ni hesabu. RX 580 inakula wati 185 na inadai kebo ya pini 8. Kwa hiyo kijana atanunua kadi, pawa saplai yenye wati za kweli na adapta. Pawa saplai za bei ya chini zinazoandikwa 500W ubavuni ndizo zinazoniletea kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote: ukizinyanyua ni nyepesi, na zikibanwa zinazima, au zinaondoka na mazabodi. Nzuri ni ghali. Ukijumlisha vyote laki nne imekwisha na RAM bado ni 4GB, hadidiski ni ile ile.

Na kwa yeyote atakayesoma uzi huu siku zijazo: zile adapta za kugeuza kebo ya hadidiski ya SATA iwe ya kulisha kadi ya grafiksi, usiziguse. Kiunganishi cha SATA kwenye njia ya volti 12 kimeundiwa kama wati 54. Ukikivutia zaidi ya hapo kinayeyuka, na plastiki inayoyeyuka ndani ya kasha lenye umeme ni moto.

Kitu kingine kuhusu hizo RX 580: ipo "RX 580 2048SP", ina viini 2048, wakati 580 kamili ina 2304. Hiyo ya kwanza ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Ukiikuta, ilipe bei ya 570.

#8 nairobi_ya_jioni

Mimi niko Nairobi, hii biashara ya kadi bandia imetufikia pia. Kuna kadi zinauzwa kama GTX 1050 Ti, ukiiweka ndani Windows yenyewe inakwambia ni 1050 Ti 4GB, kumbe chini ni GTS 450 au GTX 550 Ti ya miaka ya 2010 na 2011, wamebadilisha tu programu iliyomo kwenye kadi. Ukianza gemu zito inazima au inakataa kabisa.

Namna ya kuikamata: beba programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ndogo na haihitaji kusakinishwa. Tangu mwaka 2018 inaweza kutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizoghushiwa, na inaandika neno FAKE mbele ya jina. Angalia pia aina ya kumbukumbu. 1050 Ti ni GDDR5 na viini 768. Ukiona namba nyingine, rudisha.

Hata kabla ya kuwasha, geuza kadi uone matundu ya nyuma. Familia ya GTX 10 iliacha kutoa VGA. Ukiletewa "1050 Ti" yenye tundu la buluu la VGA, shuku.

Na ukiagiza mtandaoni bila kuiona ikiwaka, hiyo ni bahati nasibu. Kubali kulipa kidogo zaidi kwa mtu atakayekuruhusu kuichomeka na kuiendesha nusu saa mbele yako.

#9 mtoto_wa_tandika

Na suala la i7 je? Yule wa duka la kwanza alinihakikishia kabisa, akasema bila i7 kadi yoyote nitakayoweka itakuwa kazi bure.

#10 wati_mia

Nikujibu hili moja kwa moja. i5-4590 ina viini vinne na nyuzi nne, yaani inashika kazi nne kwa wakati mmoja. i7 zinazoingia kwenye soketi yako, kama 4770 na 4790, zina viini vinne vilevile ila nyuzi nane. Zinasaidia, sikatai, hasa gemu zenye watu wengi kwenye skrini na zile zinazoegemea prosesa kama Counter-Strike 2. Lakini leo hii wewe hauna kadi. Ukiweka i7 juu ya HD 4600 hutaona kitu, maana grafiksi za ndani ya 4590 na 4790 ni zile zile.

Angalia gemu zako. GTA V ya 2015 imependekezewa i5-3470, ambayo ni kizazi cha nyuma yako, pamoja na GTX 660. Uko salama. Toleo jipya la Enhanced la Machi 2025 ndilo limeandikiwa i7-4770 na SSD kwenye mahitaji ya chini, kwa hiyo wewe cheza la zamani, bado lipo. EA FC 25 wameandika i5-6600K na GTX 1050 Ti. Hapo prosesa yako iko chini kidogo ya walichoandika. Shusha mipangilio na utegemee wastani.

Ukishaweka kadi, kipimo cha kujua kinachokubana ni rahisi. Endesha gemu, tazama idadi ya fremu, yaani picha kwa sekunde. Kisha shusha ukubwa wa picha mpaka 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imezidiwa. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo imefika mwisho, na hapo ndipo i7 itakapokuwa na maana. Wala huna haja ya kuinunua mpya, zitakuwepo kwenye mitumba mwaka kesho pia.

Kuna jambo moja la kukufariji: kizazi chako cha nne ndicho Intel walipoanza kuweka maelekezo ya AVX2. Kizazi cha tatu hakina, na zipo gemu mpya zinazokataa kufunguka bila hayo. Anayesoma hapa akiwa bado hajanunua mashine, asichukue ya kizazi cha tatu kwa ajili ya kuokoa elfu thelathini.

#11 dada_wa_mwanza

Naongezea la Windows, halijaguswa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa kupata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026, jiandikishe. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, kwa hiyo 9020 haimo. Watu wanailazimisha na inakwenda. Ila kama wadogo zako watataka Valorant, ujue ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, na mashine yako ina 1.2. Hapo utafungiwa nje.

Hili linagusa na uchaguzi wa kadi. NVIDIA wamefunga draiva mpya za gemu kwa familia ya Maxwell, ndimo ilimo GTX 750 Ti, na GTX 10 zote mwezi Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu mpaka 2028. GTX 1650 ni familia ya Turing na bado inahudumiwa. Ndiyo maana mimi kati ya 1050 Ti na 1650, tofauti ya bei ikiwa ya kuvumilika, sifikirii mara mbili.

#12 mzee_wa_ping

Sawa, nakubali kwa bajeti ya laki nne. RX 6400 je? Wati 53 tu, haina pini.

#13 fundi_soketi

Ni kadi nzuri mahali pake, na mahali pake ni mashine yenye PCIe 4.0. Ina njia nne tu za kupitisha data kwenye slotu. Kwenye PCIe 3.0 ya 9020 upana unakatika nusu, na gemu ikijaza GB 4 zake inaanza kuyumba. Pia haina kitengo cha kurekodi video, kwa hiyo mtu wa kurusha gemu zake mtandaoni ataumia. 1650 ina njia kumi na sita, haipati shida hiyo.

#14 mzenji

Salamu kutoka Unguja. Mmezungumza vifaa vyote, umeme mmeusahau. Huku kwetu, na najua na huko Dar, umeme unaruka. SSD na hadidiski zinakufa kwa kukatiwa ghafla wakati zinaandika. Ukibakiwa na hela, tafuta UPS ndogo. Haitakuchezesha gemu saa nzima, itakupa dakika za kuzima kwa utaratibu.

La pili ni vumbi. Mashine ya ofisini imefanya kazi miaka kumi, ile pesti kati ya prosesa na feni imekauka kama udongo. Bwana, kabla ya kusema prosesa ni dhaifu, isafishe na uweke pesti mpya. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwa joto letu la Februari utaliona hilo waziwazi. Unapopuliza vumbi, zuia feni kwa kidole zisizunguke.

#15 mtoto_wa_tandika

Wakuu, nimeelewa vizuri sana, Mungu awabariki. Mpango wangu sasa: GTX 1650 isiyo na pini, nitaijaribu pale pale kwa GPU-Z. RAM vipande viwili, 8GB kila kimoja kama hela inafika, la sivyo 4GB. Kikibaki, pesti na kusafisha. i7 na UPS mwakani. SSD sijui niiweke wapi kwenye foleni, kuna aliyeniambia inaongeza fremu.

Na monita yangu ya VGA itafanya kazi na hiyo kadi?

#16 fundi_soketi

SSD haiongezi fremu. Inafupisha kusubiri gemu ifunguke, na kwenye GTA V inaondoa lile tatizo la barabara na majengo kuchelewa kutokea unapokimbia na gari, kwa sababu hadidiski inashindwa kuleta data kwa wakati. Kwa masomo yako ndiyo utaipenda kuliko kitu chochote, mashine itawaka haraka. Mimi ningeiweka mbele ya vipande vya 8GB: chukua RAM viwili vya 4GB, hata usipokihesabu ulichonacho una 8 za jozi, na tofauti ya hela iende kwenye SSD ya 240GB. Windows na gemu moja kubwa zikae humo, mengine yabaki kwenye hadidiski. Kumbuka EA FC 25 peke yake inadai GB 100.

Monita: 1650 haitoi VGA. Matundu yake ni HDMI, DisplayPort, na nyingine DVI ya kidijitali. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye saketi ndani. Kile kichomeko kitupu cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitafanya kazi. Ukishaweka kadi, hamisha kebo ya monita kutoka kwenye mazabodi uichomeke kwenye kadi yenyewe. Wanaonipigia simu kwamba "kadi haiongezi kitu" wengi wao kebo imebaki kule kwa zamani.

Wala usikimbilie kubadilisha hiyo monita. Kama ni ya 1440 kwa 900, kadi inachora nukta kama milioni 1.3 kila fremu. Ya 1080p ni zaidi ya milioni 2. Hiyo inchi 19 ndiyo inayokupa nafasi ya kupandisha ubora wa picha kwenye 1650.

Kabla ya kuchomeka kadi, weka BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) ya mwisho ya 9020 kutoka tovuti ya Dell, na ufanye hivyo umeme ukiwa umetulia, usiku wa manane ikibidi. Ukikatika katikati ya hapo mazabodi imekwenda. Kisha ndani ya gemu funga fremu kwenye 60, monita hizo nyingi ni 60Hz. Kadi itapumua, na feni haitapiga kelele wakati wadogo zako wamelala.

#17 wati_mia

Ukifika dukani leta picha ya lebo ya kadi hapa kabla ya kulipa. Kesho asubuhi nipo mtandaoni.